Kabaila Asiyeweza Kuuza Shamba Lake

Mabibi na mabwana, muda niliopewa ni mfupi, kwa hiyo salamu nazifupisha. Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: kabaila wa Kiingereza wa karne ya 18 na ya 19, mara nyingi, hakuwa na mamlaka ya kuuza ardhi yake. Watu wakiona jumba na maelfu ya ekari hudhani mwenyewe anaamka asubuhi na kuamua. Wapi!

Kifungo chenyewe cha kumzuia asiuze kilibuniwa na mawakili katikati ya karne ya 17, na anayetajwa zaidi ni Orlando Bridgeman. Inapofungwa ndoa, hati inaandikwa. Bwana harusi anapewa ardhi ale mapato yake mpaka afe. Baada yake itamwendea mwanawe wa kwanza wa kiume, ambaye hata mimba yake haijatungwa. Mjane ametengewa posho ya kila mwaka, mabinti na vijana wadogo wamewekewa mafungu yao, na mzigo wote huo umetwishwa ardhi. Ndugu zangu wa pwani najua mnanong'ona: si wakfu wa familia huo? Unafanana, ila wakfu hukusudiwa kudumu daima, na hawa sheria yao haikuwaruhusu kufunga ardhi milele. Mtoto akitimiza miaka 21, yeye na baba wakitia saini pamoja, kifungo kinafunguka.

Sasa mfikirieni kijana huyo. Ana jina kubwa na mfuko mtupu. Baba anamwambia: tia saini, tufunge upya, nami nitakupa posho. Nani atakataa? Anatia saini, na kuanzia hapo naye ni mla mapato tu, anamsubiri mwanawe atimize 21.

Twendeni Stowe, jumba la kikabaila huko Buckinghamshire, Uingereza, na hapa mnivumilie. Mwenyewe, Duke wa pili wa Buckingham, alikuwa na ugonjwa wa kununua ardhi kwa mkopo. Piga hesabu: ukikopa pauni 100,000 kwa riba ya asilimia 4.5, unadaiwa 4,500 kwa mwaka; kodi ya wapangaji ikileta asilimia 3, unapata 3,000. Kila mwaka unazama kwa 1,500. Mwehu? Hapana, alitaka kura. Ni yeye, alipokuwa bado mbunge, aliyechomeka katika sheria ya uchaguzi ya 1832 kifungu cha kuwapa kura wapangaji wanaolipa pauni 50 kwa mwaka. Kura zilipigwa hadharani mpaka 1872, na mpangaji alijua mwenye shamba anamtazama. Septemba 1844 mwanawe akafikisha 21, wakafungua kifungo ili ardhi iweze kuwekwa rehani kwa ajili ya deni. Januari 1845 wakamkaribisha Malkia Victoria kwa fahari zote. Agosti 1848 vyombo vya nyumba vikaanza kunadiwa: mnada wa siku 40, pato takriban pauni 75,000, na deni limepita milioni. Duke alifia hotelini, Paddington. Mwanawe alikwenda kuongoza kampuni ya reli.

Mtu ataniambia kodi ya mirathi ndiyo iliyowamaliza. Kodi ipi? Ya Harcourt, waziri wa fedha, ni ya 1894, na kiwango cha juu kabisa kilikuwa asilimia 8. Stowe ilinadiwa miaka 46 kabla! Kodi iliuma kweli 1919, ilipofika asilimia 40.

Nakimbia sasa. Ngano ya Marekani ilishusha bei, kutoka zaidi ya shilingi 50 kwa kota, kipimo cha nafaka cha Waingereza, mwaka 1877 hadi chini ya 23 mwaka 1894. Wapangaji wakaomba kupunguziwa kodi ya mashamba, lakini posho ya mjane na riba ya benki havikupungua hata peni. Sheria ya 1882 ndiyo iliyomruhusu mla mapato kuuza, ila fedha zilikwenda kwa wadhamini wa hati ile, yeye akala faida yake tu, na jumba kuu halikuuzwa bila idhini yao au ya mahakama. Mabinti matajiri wa Marekani walioolewa na makabaila hawa tuwaache, kila mtu anawajua.

Na Lord Delamere, yule mlowezi wa Kenya? Naam, mashamba yake ya huku aliyagharimia kwa kuweka rehani ardhi ya ukoo, Vale Royal, Cheshire. Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, maswali.