Makamu Mkuu wa Chuo Mpya Aanzie Kwenye Ndaki

NEEMA: Wasikilizaji wetu wa Dodoma na wa popote mlipo, karibuni. Leo tunazungumzia miezi ya kwanza ya kiongozi mpya wa chuo kikuu, na tutachukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho wengi wetu tunakiita UDOM. Kaka Yona, karibu.

YONA: Ahsante, dada Neema. Kwanza tuwakumbushe wasikilizaji kwamba katika vyuo vyetu vikuu vya umma Mkuu wa Chuo ana nafasi ya heshima, kama alivyokuwa hayati Benjamin Mkapa, Mkuu wa kwanza wa UDOM, ilhali mtendaji wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo. Huyo ndiye tunayemzungumzia.

NEEMA: Nami naona jambo moja katika historia ya chuo hiki, kilichoanzishwa mwaka 2007. Profesa Idris Kikula, aliyekiongoza kwa miaka yake kumi ya mwanzo, alitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Profesa Faustine Bee alitoka Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na Profesa Lughano Kusiluka alitoka Mzumbe. Wote walifika wakiwa viongozi wenye uzoefu, lakini mtu anayetoka chuo kingine, hata awe hodari kiasi gani, hawezi kuijua UDOM kwa kusoma taarifa za makabidhiano peke yake.

YONA: Hasa kwa jinsi chuo kilivyojengwa. Kilianza na ukumbi wa Chimwaga, kikapangwa kuchukua wanafunzi 40,000 kitakapokamilika, na ndaki zake, yaani vyuo vidogo vilivyo ndani ya chuo kikuu, zimetawanyika juu ya vilima, mbali kiasi kwamba mwanafunzi wa Ndaki ya Elimu anaweza kumaliza shahada yake bila kukanyaga maabara za Ndaki ya Sayansi Asilia. Kiongozi akibaki katika jengo la utawala, anayoyasikia ni yale yaliyokwisha kuchujwa na wakuu wa idara.

NEEMA: Ndiyo maana ninasisitiza kwamba ziara za mwanzo zisiwe za kupokewa kwa ngoma na kuondoka kabla ya saa sita. Aketi na wahadhiri wasaidizi, mafundi sanifu wa maabara, wakutubi, walinzi wa mabweni na viongozi wa serikali ya wanafunzi, kila kundi kwa wakati wake, kwa sababu mfanyakazi wa ngazi ya chini hasemi yote mbele ya bosi wake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni ndiye anayezungumza muda wote.

YONA: Hapo tumekubaliana. Sasa tuje kwenye kusherehekea mafanikio, maana wapo wanaodhani kwamba kiongozi mpya akianza kwa kusifu anajipendekeza.

NEEMA: Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kaka Yona. Itazame Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na chuo na ambamo wanafunzi wa udaktari wa UDOM hujifunza. Hospitali hiyo ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Japani, na baadaye ikaanza kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu. Miaka michache tu kabla ya hapo, mgonjwa wa Kanda ya Kati aliyehitaji figo alilazimika kwenda nje ya nchi, India mara nyingi. Mwanafunzi wa udaktari anayesomea mahali kazi hiyo inapofanyika ana haki ya kumsikia kiongozi wake akiisema kwa fahari.

YONA: Fahari hiyo naikubali kwa moyo wote, ila ningependa pongezi zieleze kazi yenyewe. Kusema tu kwamba tumepiga hatua kubwa hakumwambii mtu chochote. Kiongozi aseme ni idara gani, ni tatizo gani lililotatuliwa, na ni nani waliokesha. Kisha amtaje fundi sanifu pamoja na profesa, kwa kuwa tafiti nyingi zinasimama juu ya mikono ya watu ambao majina yao hayaonekani kwenye makala za kitaaluma.

NEEMA: Tena zisisubiri mahafali. Siku ya mahafali ni ya wahitimu na wazazi wao, wengine wamesafiri usiku kucha kutoka Kigoma au Mtwara, na hotuba ndefu ya mafanikio ya taasisi inawanyang'anya muda wao. Pongezi za watumishi zifanyike kwenye ndaki, mbele ya wenzao wanaoijua kazi hiyo.

YONA: Na kabla muhula haujaisha, arudi kwenye ndaki zile zile akiwa na majibu ya maandishi: lipi limeshughulikiwa, lipi linasubiri bajeti ya Julai, na lipi limekataliwa pamoja na sababu zake. Mhadhiri aliyeomba vifaa vya maabara anaweza kuvumilia jibu la hapana, lakini ukimya unamfanya asiseme tena.

NEEMA: Majibu hayo yabandikwe pia kwenye mbao za matangazo za mabwenini, wanafunzi wayasome wenyewe.