Kufuata tope la mto Sabaki baharini kwa picha za setilaiti

Habari zenu, karibuni tena. Leo tunakwenda Malindi bila kupanda basi. Mvua za vuli zikinyesha vizuri, ukisimama ufukweni pale unaona bahari imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo limetoka mbali: mto Athi unashuka kutoka bara, unakutana na Tsavo, unaitwa Galana, na ukikaribia pwani unakuwa Sabaki. Tutalifuata likishaingia baharini. Unahitaji kompyuta na bando tu.

Kwanza, fungua Copernicus Browser, tovuti ya Umoja wa Ulaya. Jisajili kwa barua pepe, ni bure. Tafuta Malindi, kisha sogeza ramani kaskazini kidogo ya mji mpaka uone mto unapomwaga maji yake.

Pili, chagua Sentinel-2, setilaiti za kupiga picha za dunia. Pikseli yake moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10, na setilaiti mbili zikisaidiana hupita kila baada ya siku 5. Kwenye kalenda kuna kipimo cha mawingu. Wengi huweka asilimia 10, halafu wanalalamika kwamba hakuna picha. Kipimo kile kinahesabu kipande kizima cha picha, pamoja na nchi kavu, wala si bahari yako peke yake. Weka hata 50, halafu kagua kwa macho. Siku za mafuriko yenyewe mara nyingi ni mawingu matupu. Tafuta siku chache baadaye.

Tatu, tazama tabaka la rangi halisi. Mkia wa kahawia unaotoka mdomoni mwa mto utauona bila mtu kukuonyesha. Ila ukingo wake ni mgumu kuuweka kwa jicho, kwa hiyo fungua sehemu ya kutengeneza tabaka lako mwenyewe, uandike: B4 toa B3, gawanya kwa B4 jumlisha B3. B4 ni mwanga mwekundu, B3 ni wa kijani. Maji hunyonya mwekundu haraka sana, kwa hiyo bahari safi itatoa namba hasi. Chembe za udongo zilizo juu juu huurudisha huo mwekundu kabla haujamezwa, na namba inapanda. Uzuri wake ni kwamba mchanga mweupe chini ya maji, ule unaong'aa kule kwenye matumbawe, haukudanganyi kirahisi. Nchi kavu na mawingu usivisome kwa kipimo hiki.

Sasa utamu wenyewe. Weka picha mbili kando kwa kando: moja ya wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, tuseme mwezi wa tano, nyingine ya kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, mwezi wa kumi na mbili au wa kwanza. Wakati wa kusi mkia unapinda kaskazini kwenda Mambrui na zaidi. Wakati wa kaskazi unaweza kurudi kusini, ukapita mbele ya mji, ukaelekea hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968. Ndiyo maana mafuriko ya vuli ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi kuliko ya masika: tope linashuka kukiwa na upepo wa kulipeleka kwenye matumbawe.

Tahadhari moja. Utakutana na ramani za klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, kutoka setilaiti za Sentinel-3, na mdomoni mwa mto zitawaka kana kwamba mwani umejaa tele. Usikimbilie kushangilia samaki. Udongo na maji yenye rangi ya majani yaliyooza huvuruga hesabu hizo, na sehemu ya klorofili unayoiona inaweza kuwa tope tu.

Mwisho, chukua rula ya kwenye ramani, pima urefu wa mkia, uandike kwenye jedwali pamoja na tarehe na upepo. Ongeza safu ya maji kupwa na kujaa, wengi huisahau. Saa ya tovuti ni ya kimataifa, jumlisha 3 upate ya Kenya. Utaona setilaiti inapita Malindi karibu na saa tano asubuhi, daima. Muulize mvuvi yeyote wa pwani yetu: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, saa hizo maji yamekupwa. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, yamejaa au yanakaribia. Kwa hiyo linganisha bamvua na bamvua, maji mafu na maji mafu.