Sekunde Ishirini Zisizoandikwa

Ndugu zangu mafundi, maopereta na wasimamizi wa zamu, habari za asubuhi. Waliotoka zamu ya usiku nawapa pole, mkisinzia sitawaamsha.

Nianze na daftari la zamu. Nimeshika spana miaka mingi kabla sijapewa kazi hii ya kuhesabu, na nimeona kwamba daftari lile hukumbuka makelele. Beringi ikivunjika, mkanda ukikatika, giaboksi ikimwaga oili, yote yameandikwa, tena kwa herufi kubwa: mtambo umesimama dakika 40. Lakini chupa ikianguka kwenye mkanda, opereta akanyoosha mkono, akaisimamisha, mtambo ukaendelea, hiyo nani anaiandika? Sekunde 20 tu! Hata kalamu haijatoka mfukoni.

Haya, sekunde 20 mara 90 kwa zamu moja ni sekunde 1,800. Nusu saa hiyo imekwenda, na kesho itakwenda tena. Giaboksi haivunjiki kila siku.

Kipimo tunachokitumia, kile cha ufanisi wa jumla wa mtambo (OEE), tumekirithi kwa Mjapani Seiichi Nakajima, yule aliyesimamia wazo la kuwashirikisha maopereta wenyewe katika kuitunza mitambo. Kina sehemu tatu: muda, kasi na ubora. Tuchukue zamu ya dakika 480. Toa 30 za mapumziko yaliyopangwa, zinabaki 450. Daftari linasema mtambo ulisimama dakika 60, kwa hiyo umefanya kazi dakika 390, sawa na asilimia 86.7. Mtambo huu uwezo wake ni chupa 60 kwa dakika. Katika dakika 390 ungetoa chupa 23,400. Umetoa 19,890, yaani asilimia 85. Kati ya hizo nzuri ni 19,492, asilimia 98. Zidisha zote tatu: asilimia 72. Nasema zidisha, kwa sababu wengi hutafuta wastani, wakapata karibu 90 na kwenda nyumbani wamefurahi.

Ipo njia ya mkato ya kujihakiki. Gawanya chupa nzuri kwa zile ambazo zingetoka dakika zote 450, yaani 27,000. Ni lazima upate 72 ileile. Usipoipata, kuna mtu amepindisha kitu, na mara nyingi ni kasi. Nimewahi kuona ripoti yenye kasi ya asilimia 104. Mtambo haukuwa na miujiza. Kiwango cha uwezo wake kilikuwa kimeshushwa.

Sasa rudini kwenye ile 85 ya kasi. Chupa zilizokosekana ni 3,510. Kwa chupa 60 kila dakika, hizo ni dakika 58 na nusu. Mnaona? Daftari limekiri dakika 60, na nyingine karibu 60 zimepotea huku daftari likisema mtambo unafanya kazi. Sehemu yake ni mtambo kuendeshwa taratibu, na sehemu ni zile sekunde 20. Zote zimejificha kwenye kasi, ndiyo maana mkutano wa asubuhi hauzigusi.

Wengine watasema tununue sensa. Nunueni. Sensa itawaambia mtambo umesimama saa ngapi na kwa muda gani, bila kusahau na bila kuona haya. Sababu haiijui. Itasimamisha saa kwenye mashine ya lebo wakati mashine yenyewe ni nzima, inangoja chupa tu kutoka nyuma. Sababu lazima itoke kwa mtu, na hapo nilikosea mimi mwenyewe. Niliwahi kuwawekea maopereta skrini yenye sababu 43. Baada ya mwezi, sababu iliyoongoza ilikuwa ile ya kwanza kwenye orodha, ikifuatiwa na "Nyinginezo". Walikuwa na haki: mtu ana chupa zinamwagika mbele yake, atasoma mistari 43 saa ngapi? Tukabakisha 8, kwa maneno wanayoyatumia wao.

Na opereta akiandika ukweli leo, kesho akaitwa ofisini kujieleza, kesho kutwa mtapata takwimu safi sana. Msizitumie.

Ile asilimia 85 ya kipimo kizima, si ya kasi, ambayo viwanda vingi huibandika ukutani kama lengo, hutokana na 90 ya muda, 95 ya kasi na 99 ya ubora. Mimi siipendi ukutani. Mtambo unaotoa bidhaa moja wiki nzima na ule unaobadilishwa moldi mara tatu kwa zamu haiwezi kushindanishwa.

Nilichokipenda zaidi ni karatasi. Siku moja nilikaa kando ya mtambo zamu nzima, nikachora kijistari kila uliposimama, nikaonyesha ni wapi. Nilipata vijistari 87, na 61 vilikuwa mahali pamoja, pale mikanda miwili inapokutana. Reli ya kuongozea chupa ilikuwa na bolti iliyolegea, kila chupa ya kumi na kitu inayumba. Fundi aliikaza kabla chai yake haijapoa.

Karatasi kama zile nimeziweka pale mlangoni, zina mchoro wa mtambo wa pili. Zamu ya mchana, nani atakaa nayo leo?