Chini ya Sakafu ya Chedworth

Ndugu wasikilizaji, anayefika kwenye magofu ya jumba la Kirumi la Chedworth, Gloucestershire, Uingereza, macho humkimbilia kwenye mozaiki, yaani picha za sakafuni zilizopangwa kwa vijiwe. Ana haki. Katika chumba cha kulia chakula, majira ya baridi yamechorwa kama mtu aliyejifunika joho lenye kofia, mkono huu sungura, mkono huu tawi kavu. Lakini leo tuiname tutazame mfumo wa kupasha nyumba joto uliofichwa chini ya sakafu.

Vitruvius, msanifu wa Kirumi, anaagiza sakafu ya chini iinamie tanuri, kiasi kwamba tufe likitupwa ndani lirudi lenyewe mlangoni. Mteremko huo husaidia moto kusambaa. Juu yake husimamishwa vinguzo vyenye kimo cha futi 2, vya matofali ya inchi 8 za Kirumi, yaani karibu sentimita 20. Kiungio ni udongo uliokandwa na nywele. Kisha huja vigae vya futi 2 kuunganisha nguzo na nguzo, zege ya chokaa na vigae vilivyopondwa, na mwisho vijiwe vya mozaiki. Ukutani hupangwa vigae vyenye uwazi ndani, ili moshi na joto vipate kupanda humo. Sakafu nene namna hiyo huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, hivyo mchochezi hakutakiwa kuuacha moto ufe.

Jumba lilifukuliwa kuanzia 1864, na hapo ndipo maradhi yalipoanza. Jiwe la chokaa hunywa maji. Maji yakiganda hutanuka, jiwe likamumunyuka. Kuziba kwa saruji kunazidisha, kwa kuwa saruji huzuia unyevu kutoka na chumvi hubaki ndani ikilipasua jiwe. Watu wa pwani yetu waliojenga kwa chokaa na matumbawe wananielewa. Wafukuaji wa wakati ule waliziezekea kuta vipaa vidogo, nami nawapongeza. Mwaka 2012 mozaiki za upande wa magharibi zilipata jengo jipya la kuzikinga.

Sasa tazameni chumba namba 28. Mkaa na mfupa kutoka kwenye mtaro wa msingi wa ukuta wake vilipimwa umri, na matokeo yakatangazwa 2020: ukuta ule haukujengwa kabla ya mwaka 424, na mozaiki imelazwa kuufuata. Utawala wa Roma Uingereza ulikoma karibu 410. Vijiwe vyenyewe vimepangwa kwa makosa kadhaa, ufundi umeshuka, lakini mwenye nyumba bado alitaka sakafu ya nakshi, na fundi wa kuilaza bado alikuwapo.