Bili ya umeme ya Uingereza: "balance" si salio lako!

Hamjambo wapendwa, karibuni jikoni kwangu. Leo sipiki, leo tunasoma bili ya umeme. Mwenzenu napenda kusoma bili, niacheni. Hiyo alama ya duara ni kikombe cha chai, msijali.

Jina, anwani, ruka. He! Anwani inaonekana! Ngoja niifunike kwa kidole gumba... haya.

"Amount due", kiasi cha kulipa. "Due by", siku ya mwisho. Twende.

Hapa sasa, simama. "Balance". Sisi tuliozoea simu, balance ni salio, hela yako iliyobaki. Na umeme nyumbani Tanzania ni Luku, unalipa kwanza ndipo unawasha. Basi mwaka wangu wa kwanza huku nikaona balance pauni 84 na peni kadhaa, nikasema kumbe nina akiba! Nikaenda kununua viatu. Mwezi uliofuata barua ikaja na wino mwekundu: "overdue", muda umepita.

Kwa hiyo ukiona balance usishangilie. Tazama neno la pembeni. "In debit", unadaiwa. "In credit", umelipa kupita kiasi, hela yako iko kwao. Credit hapa si mkopo, jamani! Narudia, maana viatu vyenyewe vilinibana: in debit, deni lako. In credit, hela yako.

Aa, simu imeteleza. Stendi yangu ni sufuria, nivumilieni.

"Estimated": wamekisia, mita hawajaisoma. Nenda kaisome mwenyewe, uwatumie namba. "Standing charge": ada ya kila siku, hata ukizima kila kitu ukaenda Tanga mwezi mzima. Inaniudhi, lakini ipo.

Ya mdomoni sasa. Jirani akikwambia "I'm behind on the gas", hajasimama nyuma ya gesi, ana malimbikizo ya deni. "Who's footing the bill?" Anauliza nani atalipa. Mume wangu alipoulizwa hivyo hotelini, aliinama akatazama miguu yake, maana foot ni mguu.

Bado moja, na debit inarudi tena. "Direct debit" si deni. Ni ruhusa unayowapa wajikatie wenyewe benki kwako. In debit, unadaiwa. Direct debit, wanajikatia. Umeshika?

Neno lililokukwama kwenye bili yako lipige picha unitumie. Ila anwani, funika.