Mpira Tumboni Sio Amri ya Kuacha Kumeza

Asanteni. Aliyewahi kunisikia anajua naanzia wapi, basi anivumilie. Wengi humu mmepita kwenye mionzi ya saratani ya kichwa na shingo au mmemuuguza aliyepita, zile wiki sita saba, kwa hiyo vidonda vya mdomo na mate kunata siwaelezei, mnavijua kuliko mimi. Mimi nina swali moja. Wewe uliyewekewa mpira wa kulishia, ule unaopeleka chakula moja kwa moja tumboni bila kupita mdomoni, nani alikwambia usimeze, na amri yake inaisha lini?

Niliwahi kukutana na baba mmoja aliyepona saratani ya koo, vipimo safi, kila kliniki anapewa hongera. Mpira bado uko tumboni. Nikamuuliza, baba, kwa mdomo unakula nini? Sili kitu, niliambiwa nisile. Uliambiwa lini? Akafikiri sana, akasema, wakati ule wa vidonda. Jamani! Yaani amri ya wakati koo limechubuka lote ndio bado anaifuata, hakuna aliyekumbuka kumfungulia. Daktari wa saratani anaangalia uvimbe, haupo, anaandika vizuri. Nesi anaangalia ngozi ya pembeni ya mpira, kavu, anaandika vizuri. Kumeza hakuna anayekuuliza. Na mkewe akaniambia wenzake wakikaa kula yeye anaondoka mezani, anaenda kukaa chumba kingine mpaka vyombo vitolewe. Huyo ndio tumeandika amepona.

Sasa kumeza ni kazi ya misuli. Mkono ukikaa kwenye plasta wiki kadhaa unatoka umekonda, na huo haujapigwa mionzi. Koo linapata yote mawili, misuli haitumiki na huku mionzi inaacha makovu yanayokaza, na makovu hayo hayasimami siku mashine ilipozimwa, yanaendelea taratibu, kuna watu shida ya kumeza inawaanza miaka mitano au kumi baadaye wakati wameshasahau habari za hospitali. Ndio maana wanaoijua kazi hii wanaanza mazoezi ya kumeza kabla ya mionzi ya kwanza, na hata mpira ukiwepo, kama umepimwa ukaonekana uko salama, unaendelea kumeza kila siku, hata kama ni vijiko kadhaa tu vya maji, ili koo lisisahau kazi yake.

Najua kuna mtu anasema moyoni, akipaliwa je? Haki yako kuuliza, na siwatumi mkajaribu chakula nyumbani leo. Baada ya mionzi koo linaweza kupoteza hisia, kitu kinaingia njia ya hewa na mtu hakohoi hata kidogo, kwa hiyo "mbona sikohoi" sio kipimo. Kipimo kipo: unameza kitu kilichochanganywa na dawa inayoonekana kwenye eksirei huku wanarekodi video, au wanapitisha kamera nyembamba puani waone unavyomeza. Kidai hicho. Wakisema huhitaji, uliza kwa nini. Na anayedhani mpira unamkinga moja kwa moja ajue mate yake bado yanashuka, na chakula kilichoingia tumboni kinaweza kupanda.

Yule baba alipopimwa ikaonekana maji ndio yanapotea njia, lakini vitu vizito kidogo vinapita akiinamisha kidevu. Muda wote ule uwezo alikuwa nao! Akafundishwa, akafanya mazoezi miezi, sasa anakula vitu laini mezani na wenzake, maji na dawa bado vinapita mpirani. Huenda mpira usitoke kabisa. Sawa tu, amerudi mezani.

Na msiondoke mkisema napiga vita mpira. Kuna watu wanahangaika saa nzima na vijiko vitatu, uzito unaporomoka, mpira hawautaki kwa sababu wanaona wakiukubali wameshindwa. Hao nao nawapigia kelele. Mpira wa puani ni wa muda mfupi, ikionekana hali itavuka wiki nne hadi sita ndio unaongelewa wa tumboni, na huo tangu 1979 walipouweka kwa endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, mara ya kwanza kule Cleveland, Marekani, mara nyingi hauhitaji tena kupasua tumbo. Kuutoa ukishamaliza kazi sio jambo kubwa. Ukubali, ila siku unauwekewa uliza nani atakupima kumeza na lini.

Naona naonyeshwa saa, haya, haraka haraka. Piga mswaki hata kama huli, tena hasa kama huli, maana uchafu wa mdomo ukishuka na mate mapafuni ndio nimonia hiyo. Zoeza taya kufunguka kila siku kabla halijakaza. Usilishwe umelala, inua kifua, ubaki hivyo nusu saa mpaka saa moja baada ya chakula. Mpira unasafishwa kwa maji kabla na baada ya kulishwa, na vidonge vya kutoa dawa polepole havisagwi, muulize mfamasia. Meno nilitaka niongee kwa kirefu, sifiki, ila usikubali kung'olewa jino kabla hujamwambia daktari wa meno kwamba taya lilipigwa mionzi, mfupa unaweza kugoma kupona.

La mwisho kabisa. Mpira wa tumboni ukichomoka tundu linaweza kuanza kujifunga ndani ya masaa, usisubiri asubuhi. Funika kwa kitambaa safi, beba na mpira uliotoka, nenda hospitali usiku huo huo. Kama uliwekwa wiki chache tu zilizopita mtu yeyote asiurudishe nyumbani kwa kubahatisha, unaweza kupita nje ya tumbo. Na hata tundu likiwa la zamani, wakishaurudisha hakikisheni wamethibitisha uko tumboni kabla hakijapita chakula wala tone la maji.