Shemeji Anataka Shule Yenye Alama za Juu

Asalaam aleikum Waamu wenzangu, watu wa Lamu, Kenya, wa Langoni na Mkomani, wa Shela, Matondoni, mpaka Faza na Kizingitini. Niko hapa Columbus, Ohio. Leo sina theluji wala duka la kuwaonyesha. Shemeji yangu kapata viza, anakuja na familia, na mwanawe yuko gredi ya 7. Kaniachia sauti ndefu kwenye WhatsApp: nimtafutie shule ya serikali yenye alama za juu kabisa. Na nyinyi mliobahatika na DV, ile bahati nasibu ya viza za Marekani, huniuliza hilo hilo, basi tulizungumze mara moja.

Huku gredi ya 6 hadi ya 8 ni shule ya kati. Ni kama JSS yetu Kenya, sekondari ya chini, ila mara nyingi ina majengo yake, haikubanwa ndani ya shule ya msingi kama kwetu tangu Januari 2023. Kila mwaka, karibu masomo kwisha, watoto wote hufanya mtihani wa jimbo wa kusoma na wa hisabati. Si kama KCPE yetu ya zamani, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliokupeleka sekondari hii au ile. Anayepimwa hasa ni shule. Septemba Ohio hutoa ripoti, kila shule na nyota zake, moja hadi tano. Hapo ndipo watu wetu wanapokosea: wanatazama nyota za jumla, wanafunga simu.

Shemeji, teremka chini kwenye ripoti hiyo hiyo. Tangu sheria ya elimu aliyoitia sahihi George W. Bush mwaka 2002, na ile ya Obama ya 2015 iliyoirithi, shule haiwezi kutoa wastani mmoja ikanyamaza. Lazima ivunje matokeo: watoto wa rangi hii na ile, wa familia zenye kipato kidogo, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Na angalau asilimia 95 ya watoto wafanye mtihani, ili dhaifu wasiambiwe siku ile wabaki nyumbani. Mimi hilo nalipenda, wallahi. Kwetu wizara ilikataza kupanga shule kwa nafasi mwaka 2014, lakini wastani ukabaki ndio kitu cha kujisifia. Shule ya Kiunga na akademia ya mjini zikawekwa mizani moja, hakuna anayeuliza nani kaingia darasani bila kunywa chai.

Lakini makundi yenyewe nayo yana vituko. Ohio tuna Wasomali wengi mno. Sasa mtoto wa mkimbizi aliyezaliwa Dadaab, mtoto wa daktari Mnigeria, na Mmarekani mweusi ambaye babu zake wako hapa karne na karne, wote kisanduku kimoja: Mweusi. Na sisi? Nawajua watu wa Mkomani ambao wangekaa mbele ya fomu ile mpaka magharibi wakibishana kuhusu asili yao ya Hadhramaut, kule Yemen. Kwa utaratibu wa zamani mwenye asili ya Mashariki ya Kati alihesabiwa Mzungu! Kisanduku chao kiliidhinishwa mwaka 2024 tu.

Umaskini nao walikuwa wakiupima kwa chakula cha mchana: kipato kikiwa chini ya kiwango fulani, mtoto anakula bure. Baadaye shule zenye wahitaji wengi zikaruhusiwa kulisha kila mtoto bila fomu. Jambo jema sana, lakini ukiona imeandikwa asilimia 100 ni wahitaji, usidhani kila nyumba ina njaa.

Linalomhusu mwanao zaidi ni Kiingereza. Siku ya kumwandikisha utaulizwa nyumbani mnazungumza lugha gani. Andika Kiswahili, usifiche! Wako wanaoficha wakidhani mtoto atarudishwa nyuma. Atapimwa tu, na akihitaji, atapewa mwalimu wa kumsaidia. Kundi hili huonekana na alama mbovu karibu kila shule, na sababu ni wazi: anayekijua Kiingereza vizuri hutolewa kundini, anaingia mgeni mwengine. Hata kama majimbo yanaruhusiwa kuwahesabu waliotoka kwa muda wa miaka minne, usiihukumu shule kwa mstari huo peke yake.

Hata taifa zima wastani huwadanganya. Kwenye NAEP, mtihani wa taifa wenye alama 0 hadi 500, wastani wa hisabati ya gredi ya 8 ulikuwa 282 mwaka 2019, ukashuka 274 mwaka 2022 baada ya korona. Mwaka 2024 ukawa 274 tena, mtu akasema hakuna kilichobadilika. Kumbe waliokuwa juu walipanda, waliokuwa chini wakazidi kuzama.

Kwa hivyo, tafuta sehemu ya maendeleo: mtoto aliyeingia akiwa chini, mwaka mmoja baadaye yuko wapi? Shule ya mtaa wa matajiri yaweza kuwa na alama nzuri kwa sababu watoto walikuja nazo kutoka nyumbani, vitabu tele, mwalimu wa ziada jioni. Shule ya nyota tatu yenye maendeleo makubwa, mimi mwanangu ningempeleka huko. Tazama na utoro pia. Huku anayekosa asilimia 10 ya masomo huitwa mtoro sugu, na shule yenye wengi wa namna hiyo mwalimu huanza upya kila Jumatatu.

Mwisho, na hili hawakwambii kabla ya kupanda ndege: shule ya serikali hupewa kwa anwani unayokaa. Ndiyo maana nyumba karibu na shule zenye nyota kodi yake haishikiki. Chukua kadi ya chanjo ya mtoto na ripoti zake za JSS, uzitie kwenye begi la mkononi. Na mkataba wa nyumba usiutie sahihi kwa sababu jikoni ni pazuri. Nitumie anwani kwanza, nikufungulie ripoti tuisome pamoja.